Baba alisimama mbele ya duka lililofungwa

Fundi cherehani wa mtaani kwetu, Ngamiani, Tanga, alikuwa amekwenda Lushoto kumzika shangazi yake. Duka lake lilikuwa limetiwa kufuli tangu Alhamisi. Jumamosi asubuhi mimi na baba tukatoka kwenda soko la Mgandini, na tulipofika mbele ya duka lile baba akasimama. Akaegemeza mkono kwenye mlango wa bati, akawa anaitazama ile kufuli. Hakusema neno. Nikangoja, nikidhani amekumbuka jambo. Zikapita kama dakika mbili, akashusha mkono, akasema, "Haya mama, twende."

Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Kwa miaka mitatu au minne familia nzima tulikuwa tukisema baba amekuwa mtu wa salamu tangu astaafu. Kutoka nyumbani hadi msikitini ni mwendo wa dakika saba kwa mtu mwenye afya yake. Yeye anatumia ishirini. Anasimama kwa fundi kuuliza hali za watoto. Anasimama gengeni kuuliza bei ya nazi asiyoinunua. Anasimama kwa mama wa vitumbua, anasimama kwenye baraza la kahawa, na kote huko watu wanampenda kwa tabia hiyo. Nami niliipenda. Siku ile ndipo nilipoona kwamba fundi anaweza kuwa Lushoto, duka limefungwa, na baba bado akasimama palepale.

Nilimuuliza tukiwa njiani kurudi. Alinyamaza mpaka tukafika kwenye kivuli cha mwembe, kisha akaniambia kigimbi cha mguu wa kulia kinabana kama mtu amekifunga kamba ya katani. Akisimama kidogo kamba inalegea. Akienda hatua 80 hivi inarudi.

Hapa lazima niseme kazi yangu, maana ndiyo inayoniuma. Mimi ni mtaalamu wa maabara. Huu ni mwaka wa 19 natoa watu damu Dar es Salaam na kusoma majibu yao. Damu ya baba naijua kuliko damu ya mtu yeyote. Ninazo karatasi zake zote tangu 2011, alipogundulika ana kisukari: sukari ya miezi mitatu, kreatinini ya figo, mafuta, kila kitu kwa tarehe. Katika miaka yote hiyo sikuwahi hata mara moja kumwambia avue soksi nimwangalie miguu. Sikuwahi kutembea nyuma yake na saa mkononi. Niliamini kwamba kama kuna jambo, damu ingeniambia.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshakwenda kwenye kituo kimoja cha afya bila kutuambia. Wakamwambia ni baridi yabisi na umri, wakampa dawa ya kuchua. Akachua miezi minane.

Baba alikuwa mkaguzi wa njia ya reli. Kazi yake ilikuwa kutembea kwa miguu juu ya mataruma, nyundo ndefu begani, akiangalia boliti zilizolegea na changarawe zilizoliwa na mvua. Kipande chake kwa miaka mingi kilikuwa kati ya Pongwe na Muheza. Utotoni mwangu alikuwa akirudi jioni na vumbi hadi magotini, anakaa kwenye ngazi, anavuta sigara mbili kabla hajaingia ndani. Aliacha sigara 2009, baada ya miaka karibu 30. Sigara na kisukari ndivyo visababishi viwili vikubwa vya kuziba kwa mishipa ya miguu, na yeye alikuwa navyo vyote.

Ugonjwa wenyewe ukiuelewa unauona kila mahali. Ateri zinazoshusha damu miguuni zinaota utando wa mafuta na chokaa kwa ndani, njia inakuwa nyembamba. Mtu akikaa, damu inayopita inatosha. Akianza kutembea, msuli wa kigimbi unataka damu mara nyingi zaidi, na haiji. Msuli unafanya kazi kwa deni, unabana, unauma. Akisimama, deni linalipwa taratibu na maumivu yanakwisha. Wajerumani wanauita ugonjwa wa madirisha ya maduka, kwa kuwa mgonjwa husimama kila baada ya hatua kadhaa akijifanya anatazama bidhaa. Kwetu Ngamiani hakuna madirisha ya kutazama. Kuna watu wa kusalimia.

Nilimsimulia baba kwamba wa kwanza kuueleza vizuri alikuwa daktari wa wanyama wa Ufaransa, Bouley, mwaka 1831, aliyemwona farasi anachechemea kila akikimbizwa na kupona kila akipumzishwa. Alipompasua akakuta ateri imeziba. Kwa binadamu ilichukua hadi 1858, alipoueleza Charcot, Mfaransa mwingine. Baba alikaa na habari hiyo muda, kisha akasema, "Farasi hana wa kumsingizia."

Nikamleta Dar. Kipimo kilichofichua tatizo hakikuhitaji tone la damu. Nesi wa kliniki ya miguu ya wenye kisukari alimlaza chali, akamwacha apumzike dakika kumi, akamfunga mpira wa presha kwenye mikono yote miwili kwa zamu, kisha juu ya vifundo vya miguu, akisikiliza mshipa kwa kile kidude cha dopla kinachotoa sauti kama upepo kwenye matete. Mkononi presha ya juu ilikuwa 148. Kifundo cha kushoto 118. Kifundo cha kulia 92. Unagawanya ya mguu kwa ya mkono: kushoto 0.80, kulia 0.62. Mtu mzima mwenye mishipa mizuri anatakiwa awe 1.0 au juu yake kidogo. Chini ya 0.90 ni ugonjwa. Nesi akaniambia na jambo ambalo kila mwenye mgonjwa wa kisukari angelijua: kwa baadhi yao ateri hukakamaa kwa chokaa hata mpira haziwezi kuzibana, na namba inatoka nzuri ya uongo, hata zaidi ya 1.4. Hapo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu, kwa sababu vimishipa vya kidole hukakamaa mara chache zaidi.

Sauti ya mguu wa kulia ilikuwa hafifu mno. Nilisimama kando nikiisikiliza nikawaza kwamba mlio ule ulikuwapo miaka yote, na ungesikika kwa yeyote ambaye angeweka kidude pale.

Hata hivyo mimi ni mtu wa damu, nikataka damu nayo iseme. Nilimtoa mwenyewe asubuhi iliyofuata: chupa ya kofia ya zambarau kwa sukari ya miezi mitatu, nyekundu kwa CRP na mafuta, na ya bluu kwa D-dima, ile ambayo lazima uijaze mpaka kwenye mstari la sivyo dawa ya kuzuia kuganda inazidi damu na jibu linaharibika.

CRP ni protini ya ini. Iligunduliwa 1930 New York na Tillett na Francis kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia, na herufi C imetoka kwenye sukari moja ya ukuta wa bakteria yule wa nimonia. Mwili ukiwa na mchochota, yaani ule moto wa ndani unaokuja na maambukizi, jeraha au ugonjwa wa mishipa, ini linaamriwa kuitoa kwa wingi. Kwa moyo na mishipa tunaangalia viwango vidogo: juu ya miligramu 3 kwa lita tayari ni hatari kubwa. D-dima ni kitu kingine. Damu inapoganda, inafuma nyuzi. Mwili unapozikatakata nyuzi hizo, kipande kinachobaki kikielea ni D-dima. Ikiwa juu, maana yake mahali fulani damu inaganda na kuyeyushwa kuliko kawaida.

CRP ya baba ilirudi 14. Nilishtuka, nikakaa na karatasi ile kwenye ngazi za maabara kama alivyokuwa akikaa yeye na sigara. Halafu nikakumbuka alikuwa akitafuna upande mmoja. Jino la nyuma lilikuwa na usaha. Likang'olewa, tukangoja wiki tatu, nikarudia: 5.2. Kama ningesimamia ile 14 ningekuwa nimepima jino nikadhani napima mguu. Ndivyo ilivyo CRP. Inapiga kelele bila kusema moto uko chumba gani. D-dima ilikuwa 0.9 mahali ambapo kikomo cha maabara yetu ni 0.5, ingawa kikomo hicho hupanda na umri na baba ana miaka 71. Sukari ya miezi mitatu ilikuwa asilimia 8.1.

Ndipo nikaanza kusoma usiku. Kuna daktari wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, Mary McDermott, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa akiwafuatilia wenye ugonjwa huu kwa namna ambayo sikuwahi kuifikiria: anawatoa damu, na anawatembeza. Dakika sita kwenye ukumbi mrefu, kwenda na kurudi, halafu anahesabu umbali. Anawasimamisha kwenye kiti mara tano mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Anapima mita nne kwa mwendo wa kawaida, na kusimama bila kuyumba. Waliokuwa na D-dima na CRP za juu walitembea umbali mfupi zaidi katika zile dakika sita, na alama zao za kiti na za kusimama bila kuyumba zilikuwa mbaya zaidi.

Hilo lilinigusa mahali. Maana yake chupa zangu zile na mguu wa baba vinajuana. Mchochota haukai kwenye ukuta wa ateri peke yake. Msuli wenyewe wa kigimbi, kwa kukosa hewa na kupata tena mara nyingi kwa siku, unachakaa, na mitokondria yake, zile tanuri ndogo za nguvu, zinaharibika. Ndiyo maana watu wawili wenye namba moja ya kifundo wanaweza kuachana sana kwa umbali wanaotembea. Lakini nani anamvuta nani? Mtu asiyetembea hunenepa kiuno, na mafuta ya kiuno nayo huwasha mchochota. Anayekaa CRP yake inapanda, na ambaye CRP imepanda anazidi kukaa. Kwenye karatasi ya majibu huwezi kuona upi ulianza.

Nikaamua kumpima baba kama walivyopimwa wale wa Chicago.

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi jirani alituruhusu kutumia kibaraza kirefu siku ya Jumamosi. Nilipima mita 30 kwa futi ya fundi ujenzi, nikaweka ndoo huku na ndoo kule. Mdogo wangu alishika saa. Masharti ni machache: tembea uwezavyo, ukiumwa simama, ukiweza endelea, saa haisimami. Baba alivaa kanzu, nikamwomba abadilishe. Akaja na suruali ya kazini, ile ya kaki, ambayo sikujua kama bado anayo. Duru mbili za kwanza alikwenda vizuri. Ya tatu akaanza kuburuza. Karibu na mita 84 akasimama, akashika nguzo, na macho yake yakatafuta mtu wa kumsalimia. Hapakuwa na mtu. Tulikuwa sisi watatu na ndoo mbili. Sitausahau uso ule.

Dakika sita zilipokwisha alikuwa amefika mita 238. Kiti mara tano kilimchukua sekunde 17.

Mtu aliyekuwa akitembea kutoka Pongwe hadi Muheza.

Daktari alimwongezea klopidogreli ya kuzuia damu kuganda na statini ya kushusha mafuta, akabadilisha dawa ya sukari, akamtazama miguu kucha kwa kucha na kusema hakuna kidonda, mapigo ya kulia ni dhaifu lakini mguu hauko hatarini kwa sasa. Kisha akamwandikia kutembea. Baba alidhani amesikia vibaya. Miaka yote mwili wake ulikuwa ukimwambia asimame pale inapouma, na daktari sasa anamwambia aende mpaka iume sana, asimame hadi iishe, aanze tena, jumla nusu saa na kuongeza polepole mpaka dakika 50, siku tano kwa wiki. Mguu wenye kidonda, au unaouma hata mtu akiwa amelala, hauanzishiwi mazoezi haya bila daktari. Hilo alilirudia mara mbili.

Maumivu yale ndiyo kiini. Mwaka 2021 McDermott na wenzake walitoa majibu ya utafiti wa watu 305 waliofanya mazoezi nyumbani kwao kwa miezi 12. Waliotembea kwa kasi ya kuleta maumivu waliongeza karibu mita 35 kwenye dakika sita. Waliotembea kwa starehe, bila kuumwa, hawakuongeza kitu. Walipungua mita 6 hivi. Nilimfasiria baba nikiwa kwenye simu, akaniuliza swali moja: "Hao waliumia halafu wakapona?" Nikamwambia walipumzika, wakaanza tena. Akasema basi.

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu kuliko nilivyotegemea, na tatizo halikuwa mguu. Ilikuwa aibu. Kwa kuwa sasa kusimama kwake kulikuwa kumetangazwa, hakutaka kupita njia ya msikitini. Akawa anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kandokando ya reli ambako hakuna mtu. Mama hakupenda; gizani kule mtu anaweza kujikwaa, na mwenye kisukari akijikata kidole huenda asijue. Tukakubaliana atoke baada ya swala, mwanga ukishakucha, na viatu vya kufunga, na akirudi mama anamkagua nyayo. Anaandika kwenye daftari lake la zamani la ukaguzi wa njia, lile lenye safu za tarehe, kilomita na hitilafu. Kwenye safu ya hitilafu anaandika mara alizosimama. Mwezi wa kwanza kuna 9, 9, 8, 10. Kuna siku ameandika "mvua", na siku moja "sikutaka".

Mwezi wa tano wa mazoezi nilikwenda tena na ndoo zangu.

Nilianza na damu, mazoea ni mazoea. CRP 4.1. D-dima 0.8. Sukari 7.2. Ningependa kusema kutembea ndiko kulikoishusha CRP, lakini siwezi kwa haki: statini peke yake huishusha, na kati ya 5.2 na 4.1 kwa mtu mmoja kuna nafasi ya kutosha kwa mabadiliko ya kawaida ya siku na siku. Namba ya kifundo cha kulia nesi aliipata 0.63. Ateri ilikuwa imeziba kama ilivyokuwa. Kama ningekuwa na karatasi hizo tu, ningemwambia baba kwamba miezi mitano ya alfajiri haijabadilisha jambo kubwa, na ningekuwa nimemdhulumu.

Kibarazani alikwenda mita 291. Alisimama mara moja tu. Kiti, sekunde 13. Wanaofanya tafiti hizi huhesabu mita 20 kuwa ongezeko dogo lenye maana na mita 50 kuwa kubwa. Yeye aliongeza 53, kwa ateri ileile. Msuli ulikuwa umejifunza kuishi na damu inayoufikia.

Tangu hapo mgonjwa wa kisukari akija dirishani kwangu, nikishamtoa damu na kubandika pamba, namuuliza anatembea mpaka wapi ndipo asimame. Haimo kwenye fomu. Wengi huanza kwa kusema hawana shida. Nikiuliza wanasimama kwa nani, wanaanza kutaja majina: jirani fulani, muuza magazeti, kituo cha daladala. Wiki iliyopita mama mmoja alinyamaza katikati ya kutaja, akaniangalia. Nilimwandikia jina la kile kipimo cha presha ya kifundo kwenye kipande cha karatasi ampelekee daktari wake. Anayeniambia usiku anauning'iniza mguu nje ya kitanda ili maumivu yapungue, au ana kidonda cha kidole kisichofunga, simwandikii karatasi. Ninamsindikiza mwenyewe hadi kwa daktari siku hiyohiyo, na aliyepata mguu wa baridi na mweupe ghafla naye hapaswi kungoja hata saa moja.

Siku ya kuondoka, baba alinisindikiza hadi kituoni kwa njia ya msikitini, begi langu dogo mkononi mwake. Fundi alikuwa amerudi zamani, mguu wake juu ya cherehani, mlango wazi. Tulipomkaribia nilipunguza mwendo bila kufikiri, kama ninavyofanya siku zote pale. Baba hakupunguza. Fundi akainua kichwa, akaita, "Mzee, leo hunisalimii?"

"Nikirudi," baba akasema, akaendelea kwenda.